Mkataba wa Wimbo wa Nkwimba

Bariadi, nyumbani
Jumamosi, saa tisa alasiri

Milembe, mwanangu,

Umekwenda Binza kumuaga mama yako mdogo, na najua hatakuachia uondoke kabla hujala. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kuandika bila wewe kuchungulia. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani. Kila akipita mlangoni ananitazama. Mambo ya kuvaa, ya kula, ya chumba cha kupanga na ya kupiga simu kila Jumapili ameshakuambia yeye, na kesho stendi atakuambia tena. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia muda mrefu mno.

Ukifika chuoni utapewa ofisi, na ndani ya kabati utakuta mafaili ya masomo mawili utakayofundisha: uandishi wa kisheria na hakimiliki. Ni mafaili yangu. Niliyaacha nilipostaafu, na mkuu wa idara aliniambia kwenye simu kwamba bado wanayatumia. Katika faili la uandishi kuna mkataba wa kurasa nne, majina yamefutwa kwa wino mweusi. Juu yake nimeandika kwa mkono wangu: "Tafuta makosa." Chini yake nimeandika: "Mwandishi hajulikani."

Mwandishi ni mimi.

Sitaki uujue ukweli huu kutoka kwa mtu mwingine, au uupe darasa mkataba ule huku ukirudia uongo wangu bila kujua. Kaa, nikueleze ulivyotokea.

Sengi wako, shangazi Kabula, unamjua kama mwanamke mkimya wa Nkololo, anayekujazia karanga kwenye kikapu na kukuuliza utaolewa lini. Wewe ulikuwa darasa la pili wakati ule, huwezi kukumbuka. Dada yangu alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma. Watu walisema mwanamke hawezi kuwa manju, halafu wakaja kumsikiliza, halafu wakaacha kusema. Alitunga nyimbo za kulima, za harusi, za kuwatania wanaume wavivu. Lakini wimbo uliomfanya ajulikane hadi Itilima ulikuwa mmoja, nao aliutunga baada ya Nkwimba kufariki.

Nkwimba alikuwa mwanawe wa pekee, umri wa miaka kumi na minne. Homa ya siku tatu, msimu wa kuchuma pamba. Katika wimbo ule hamna neno la kifo. Mama anamwita mtoto aamke: uji umepoa, pamba imefunguka, wenzako wameshafika shambani, mbona wewe bado. Basi. Anaita mpaka mwisho na hakuna anayeitika. Nimewaona wanaume wazima wa Nkololo wakiinuka na kwenda nyuma ya nyumba ulipoanza.

Hapa Bariadi kulikuwa na mtu anaitwa Mabula, ana studio ndogo nyuma ya maduka, anarekodi ngoma na kwaya na kuuza CD siku za mnada. Akamfuata dada. Dada akakubali, kwa sababu alitaka jina la Nkwimba lisikike mahali ambapo yeye mwenyewe asingefika. Akamwambia Mabula, "Karatasi ataandika mdogo wangu Shija. Yeye ndiye anafundisha sheria za nyimbo huko chuoni."

Nilijisikia mkubwa, Milembe. Nilikuwa nimerudi kutoka kusoma shahada ya pili, nafundisha nadharia za hakimiliki mwaka wa pili tu. Ubaoni nilikuwa naandika sababu za kumpa mtunzi haki: wengine wanasema ni kwa ajili ya jasho lake, wengine kwa sababu kazi ni sehemu ya nafsi yake, wengine kwa faida ya jamii, ili watu waendelee kutunga. Ile ya nafsi ndiyo niliyoipenda. Niliifundisha kwa sauti ya chini, wanafunzi wakawa wananyamaza.

Kisha nikakaa kuandika mkataba wa dada yangu, na wala sikumfikiria dada yangu. Nilichukua kitabu kinene cha mifano ya mikataba, cha nchi ambako makampuni makubwa ya muziki yana mawakili ghorofa nzima. Nikatafsiri kifungu kwa kifungu. Sikuacha hata kimoja, kwa kuwa niliogopa kwamba nikiacha, siku moja mwanasheria mwingine atausoma na kusema huyu hajui kazi. Na nilitaka Mabula auone urefu wake. Hizo ndizo sababu zangu mbili. Sina ya tatu iliyo nzuri zaidi.

Tuliusaini kwenye studio yake mchana mmoja. Niliwasomea kama padri aliyechelewa misa ya pili. Dada alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akiitikia kwa kichwa kila nilipovuta pumzi. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Nitaendelea kuuimba?"

"Utauimba tu, dada," nikasema.

Sikuangalia. Kifungu cha tisa kilikuwa mbele ya macho yangu, kinasema kwamba hatauimba hadharani bila idhini ya maandishi. Nilikitafsiri mwenyewe Jumanne ya wiki ile ile, na Alhamisi nikamjibu hivyo. Akaweka dole gumba. Mabula akasaini. Tukanywa soda.

Mwaka wa kwanza haukuwa na neno. CD zilitembea. Mwaka wa pili, siku moja dada alikuwa sokoni hapa Bariadi na gunia lake la mchele, akasikia gari la matangazo linakuja. Wimbo wa Nkwimba ulikuwa unapigwa humo. Wameukimbiza, wametia kinanda na ngoma za disko, na katikati ya maneno ya kumwita mtoto aamke kuna kijana anapiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba sabuni hii ya unga inatoa doa lolote. Watu walikuwa wanacheza. Dada aliacha mchele wake hapo hapo akalifuata gari kwa miguu hadi karibu na stendi. Liliposimama akaenda kwenye dirisha la dereva.

"Huyo ni mwanangu," akamwambia.

Dereva akadhani anamsema yule wa kipaza sauti. Akamjibu, "Hongera mama, kijana wako anajua kazi."

Akanipigia simu kwa simu ya mtu. "Shija," akasema, "wamemweka Nkwimba kwenye sabuni."

Nilikuwa ofisini. Nikautoa mkataba droo ya chini nikausoma nikitafuta pa kuwakamatia. Kifungu cha nne: haki zote, nchi zote, muda wote. Cha tano: kubadili, kuongeza, kupunguza. Cha saba: kumhamishia mtu mwingine yeyote bila kumtaarifu mtunzi. Mabula alikuwa ameshaihamishia kampuni ya matangazo mjini. Yote yalikuwa halali kwa maneno yangu.

Hapa ndipo nataka unisikilize kama mwanasheria mwenzangu. Hoja ilikuwepo. Sheria inatofautisha faida ya kazi na heshima ya mtunzi, na wakili mwenye moyo angeweza kusimama na kusema kwamba heshima haikuuzwa pale, na hata kama iliandikwa kuuzwa, mama huyu hakujua anachokisaini. Naijua hoja hiyo, niliifundisha. Lakini ili niipeleke mahakamani ningelazimika kueleza nani aliandika mkataba, nani aliusoma haraka haraka, nani alimjibu "utauimba tu." Jina langu lingeandikwa kwenye hukumu. Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo.

Nikamwambia dada, "Nitalishughulikia." Sikulishughulikia. Mwezi ukapita, ukawa mwaka, na yeye hakuniuliza tena. Nilijifariji kwamba amesahau. Likizo tulipokwenda Nkololo nilikuwa nakaa na shemeji nje, tunazungumza ng'ombe, ili nisibaki na dada ndani.

Na nikafanya jambo ambalo sijui hata nilipe jina gani. Niliufuta majina mkataba ule nikaupeleka darasani. Kila mwaka niliwagawia wanafunzi, wanautafuta makosa, na mimi nasimama mbele nikiwasaidia kumcheka mwandishi. "Mtazameni huyu," nilikuwa nasema, "sentensi ina mistari kumi na moja." Wanacheka. Nami nacheka. Nilijidanganya kwamba namlipa dada kwa njia hiyo, kwamba wanafunzi wangu hawatafanya nilichofanya.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa Lagangabilili, Doto. Aliandika sentensi fupi, maneno ya kila siku. Insha yake ya kwanza nilimpa alama ya chini na kuandika pembeni kwa wino mwekundu, "Unaandika kama mtu anayeongea mnadani." Hakulalamika. Wiki chache baadaye nikagawa ule mkataba. Wenzake wakawa wanataja makosa: urefu, marudio, maneno ya kigeni. Doto akanyoosha mkono mwishoni kabisa.

"Mwalimu, huyu mwanasheria alikuwa anamwandikia nani?"

"Una maana gani?"

"Mwenye wimbo kaweka dole gumba. Hajui kusoma. Mwenye studio naye, ukiitazama sahihi yake, sidhani kama ni msomi. Sasa maneno haya yote alikuwa anamwambia nani?"

Nikasema, "Sijui." Nikageuka nikafuta ubao.

Siku zile za mwisho wa muhula nilikuja nyumbani, na kesho yake nikaenda Nkololo peke yangu na karatasi zile zenye majina. Nilimkuta dada uani anapukuchua mahindi.

"Mwadeela, dada."

"Mwadeela, Shija. Umekuja na mvua."

Sikujua pa kuanzia, nikazitoa karatasi. Akazitazama, akaendelea na mahindi yake. "Zilikuwa zinasemaje?" akauliza, kama mtu anayeulizia njia.

Nikaanza kumsomea, safari hii kwa Kisukuma, neno baada ya neno. Alikuwa ananikatiza kila mahali. Hilo maana yake nini? Na hilo? Kazi ambayo nilidhani ni ya nusu saa ilichukua mchana wote. Tulipofika kwenye maneno "bila kuathiri ujumla wa yaliyotangulia," nikakwama. Nikajaribu njia moja, nikajaribu nyingine. Dada akawa anasubiri, gunzi mkononi. Mwishowe nikamwambia kweli: "Dada, sijui yanasema nini. Niliyanakili."

Miaka yote ile nikiwafundisha watu kuandika, ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo kwa mdomo wangu.

Tulipofika kifungu cha tisa nilimsomea. Akalitupa gunzi.

"Mimi nilikuuliza hili."

"Uliniuliza."

"Ukasema nitaimba."

"Nilisema."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliinuka akaingia ndani akakaa huko muda mrefu, mimi nimebaki na mahindi. Alipotoka alikuwa amejifunga khanga ya safari. "Twende kwa Mabula," akasema.

Njiani nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimemfanya Mabula mwizi kichwani mwangu kwa sababu nilimhitaji awe mwizi. Tulimkuta anatengeneza redio ya mtu, amezeeka ghafla kama wanavyozeeka watu wa hapa. Akamsalimu dada, "Mwadeela mayu," kama anamsalimu mama yake, akamtafutia kiti. Nikamweleza vifungu, kimoja kimoja. Alisikiliza mdomo wazi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilitaka kutoa CD tu. Ikija aina mpya ya kanda, niutoe na kwenye hiyo. Walipokuja wale wa mjini wakauliza kama nina haki zote, nikawaonyesha karatasi yako. Wakasema ndiyo, unazo. Nikajua basi ndivyo inavyokuwa. Uliandika wewe, wewe msomi."

Unaelewa, Milembe? Hakuna aliyeyataka maneno yale. Dada hakuyataka, Mabula hakuyataka. Niliyaleta mimi kutoka kwenye kitabu, na yalipoingia duniani yakapata watu wa kuyatumia.

Tukaandika mkataba mwingine pale pale, ukurasa mmoja, Kiswahili cha nyumbani. Dada aliurudia wote kwa kichwa kabla ya kuweka dole gumba, na pale alipokosea tukabadilisha karatasi, hatukumbadilisha yeye. Mabula akarudisha alichokuwa nacho. Kampuni ya mjini niliwaandikia barua tatu, safari hii nikieleza makosa yangu wazi na kuweka sahihi. Wakanijibu kwa heshima kwamba walinunua kihalali. Nikawafungulia shauri, tukasuluhishwa nje: wimbo ukaondolewa kwenye matangazo, lakini nakala zilizokwisha kusambaa hawana namna ya kuzikusanya. Nami sina. Hata leo kuna harusi wanaupiga ule wa disko, na vijana hawajui kuna wimbo mwingine nyuma yake.

Cheo sikupata mwaka ule. Barua zile zilifika kwa watu, na kwenye mahojiano mjumbe mmoja akauliza kwa upole kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Hapo nilijisikia vizuri kidogo, nikatoka.

Lakini kule darasani sikusema. Hilo ndilo linalonitesa kuliko cheo. Nilikiri mbele ya kampuni, mbele ya jopo, na bado nikaendelea kuugawa mkataba kwa wanafunzi wenye miaka ishirini huku nikisema mwandishi hajulikani. Nadhani ni kwa sababu wale peke yao ndio walioniona kama nilivyotaka kuonekana.

Doto nilikutana naye mwaka jana kwenye ofisi mpya pale Lagangabilili, nimepeleka hati za kiwanja cha mteja. Ni mwanasheria wa serikali sasa. Akanikaribisha chai. Nikamwambia, "Doto, ule mkataba niliuandika mimi. Na insha yako ilistahili alama ya juu."

Akacheka. "Mkataba nilijua, mwalimu. Uliposema hujui, uligeuka ukafuta ubao. Ubao haukuwa na kitu."

Hakunitaka nimwombe radhi zaidi ya hapo. Aliniuliza habari zako, nikamwambia utakwenda kufundisha. Akasema, "Basi watapata bahati, kama hatakuwa na haraka."

Sitakufundisha kufundisha. Umenizidi kusoma, na siku hizi hukumu zinaanza kuandikwa kwa Kiswahili, darasa lako halitafanana na langu. Ninachokijua ni kwamba mimi niliogopa kuonekana sijui, na woga huo uliandika kurasa nne. Ukiona mwanafunzi anaandika hivyo, usimcheke kama nilivyokuwa nachekesha watu. Muulize anamwogopa nani. Mkataba ule ukitaka kuutumia utumie, jina langu liandike. Ukitaka kuuchoma, uchome.

Jumapili iliyopita nilikwenda Nkololo kumwomba dada ruhusa ya kukuandikia haya, kwa kuwa habari ni yake kabla haijawa yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu inamsumbua. Nikamweleza. Akasema, "Mwambie. Ni mtu mzima." Kisha akasema ameanza kuyasahau maneno ya wimbo. Ule wa kwanza. Hajauimba tangu siku ya sokoni, hata akiwa peke yake, na sasa akiutafuta kuna mistari haimjii.

"Una kalamu?" akaniuliza.

Nikatoa kalamu. Akaanza kunitajia kwa Kisukuma, pole pole, akirudi nyuma, akijisahihisha. Nikaandika kila neno kama lilivyotoka. Mahali pawili niliona ningeweza kupanga vizuri zaidi, mkono ukasita, nikauacha uandike alichosema. Ulimchukua karibu saa nzima, na mwishoni sauti yake ilikuwa imeanza kupanda kidogo, haijawa wimbo bado lakini imekaribia.

Nikamuuliza, "Chini niandike mtunzi nani? Kabula, au jina lako la ngoma?"

Akanishangaa. "Andika Nkwimba," akasema. "Ni wake."

Miaka ishirini na mbili nimefundisha ni nani mwenye haki ya wimbo, Milembe. Sikubishana. Niliandika Nkwimba, nikamkabidhi karatasi, akaikunja mara mbili akaiweka ndani ya khanga yake. Sikubaki na nakala.

Nasikia geti. Umerudi, unamwambia mama yako chakula cha Binza hakikuwa na chumvi. Nitaiweka barua hii chini ya vitabu vyako, uisome ukishafika.

Baba yako,
Shija